Mfupa wa Mugisho Ulitoka Kwangu

Tumemzika mama mkwe wangu kule Nyangezi, na kwenye kilio chake nimesikia, mbele ya watu wote, kwamba yeye ndiye aliyeponya mguu wa mwanangu. Aliyesema hivyo ni wifi yangu Nsimire, amesimama kando ya sanduku, kitambaa cheusi kichwani, sauti imekauka kwa kulia. "Mama huyu alikuwa na mikono," alisema. "Mwenye hajui, aangalie mguu ya Mugisho. Banganga wa hospitali walitaka kuikata. Mama akaikanda mpaka ikarudi." Watu wakaitika kooni, mmm, kama wanavyoitika kanisani. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya bugali kwa vitambaa viwili, kwa sababu kwetu mke wa mwana haketi kwenye kilio cha mama mkwe, anapika na kugawa. Sufuria ilikuwa nzito, na nyonga yangu ya kushoto, pale walipotoa mfupa, ilikuwa imeanza kuuma kama inavyouma kila mvua ikikaribia. Nilimaliza sekondari, sehemu ya kemia na biolojia, sikuendelea, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko mtihani. Lakini mwaka ule naujua kuliko wao. Kama Nyangezi wameanza kuusimulia kwa namna yao, mimi nauandika kwa namna yangu, na mwenye kukasirika akasirike, mimi nilitangulia.

Mugisho alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tunatoka Mudaka, tumepanda pikipiki na mfuko wa maharage, na pikipiki ikatuangusha kwenye kona yenye matope. Mimi nilichubuka mikono. Yeye mfupa wa muundi ulitoboa ngozi. Kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu walimwosha juu juu, wakafunga plasta juu ya uchafu, wakatuambia twende nyumbani tukashukuru Mungu. Nilishukuru Mungu hadi plasta ilipoanza kunuka. Tulipofika hospitali kubwa ya Bukavu, mfupa ulikuwa umekufa katikati, na usaha ulikuwa unatoka kwa njia mbili. Wakakata kile kipande kilichokufa. Kati ya goti na kifundo kulibaki pengo la urefu wa kidole changu cha kati, na mguu ukashikiliwa na vyuma vilivyopita ngozi na kuungana nje, kama jukwaa la fundi kwenye ukuta. Mtoto alivitazama vyuma hivyo, akaniuliza kama atalala navyo. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama vyuma navyo vitalala. Ndiyo mambo ninayoyakumbuka. Wifi yangu hayakumbuki, hakuwepo.

Salle ya watoto, yaani wodi yao, ilikuwa ndefu, madirisha yake yanatazama ziwa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kulitazama. Kila kitanda kilikuwa na mtoto juu na mama chini, kwenye mkeka. Asubuhi tulipika nje, kila mtu na mbabula yake, lile jiko la makaa, na pale ndipo nilipojifunza kwamba wanawake wenye shida hawana huruma kama watu wanavyodhani. Wanapimana. Mtoto wako akipata nafuu wanakununia, akizidiwa wanakupa chumvi. Mmoja wao, mama wa mtoto aliyeungua, alipenda kusema kwa sauti wakati mimi nikikoroga: "Ule mutoto wa vyuma, walimutia simenti. Mi nilisikia na masikio yangu. Simenti, kama ya nyumba." Mwenzake akacheka: "Basi akikua hatalipa nyumba, ataingia mu mguu yake." Niliendelea kukoroga. Nilikuwa sijaelewa mwenyewe, na mtu asiyeelewa hana la kujibu, anabaki na hasira tu.

Nikamfuata Dokta. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayepita kwenye vitanda na wanafunzi wake nyuma, akiongea Kifaransa juu ya vichwa vyetu kana kwamba sisi ni viti. Nikasimama njiani. "Dokta, ni nini mumeweka mu mutoto wangu?" Akasema, "Maman, ni ngumu kukueleza." Nikamwambia, "Jaribu. Mi nilisoma biolojia. Kama ni ngumu, nitauliza tena." Wanafunzi wakatazama sakafu. Nadhani alikubali kwa sababu nilikuwa nimeziba mlango. Akasema simenti ile si ya nyumba. Ni unga wanaouchanganya na dawa ya kuua vijidudu, unakuwa laini kama bugali, wanaufinyanga ndani ya pengo, unakauka. Dawa haitoki yote kwa siku moja. Inavuja kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, palepale penye ugonjwa, na tumbo la mtoto na figo zake vinapumzika. Wakati huohuo mwili unaona kitu kigeni na kukifunga kwa utando. "Huo utando ndio tunautaka," alisema. "Una damu nyingi, na wenyewe unatoa dawa zake. Kisha tunaufungua kama mfuko, tunatoa simenti, tunajaza uboho na vipande vya mfupa. Ndani ya uboho kuna seli shina. Ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Utando unaziambia: kuweni mfupa."

"Na zikiambiwa vibaya?"

"Zinakuwa kovu. Kovu halibebi mtoto."

Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau, na ambacho kiliniudhi siku nzima. Akasema kwingine kuna punje za kiwandani, zimejazwa dawa ya kuziongoza hizo seli, na punje zinaiachia kwa kipimo, leo kidogo, kesho kidogo. "Hapa hatuna," alisema. "Hapa mutoto anajitengenezea mwenyewe. Kwa hiyo, maman, mtu asiguse ile mguu. Mtu yeyote." Niliporudi kwenye mkeka nilimtazama Mugisho amelala, mdomo wazi, jasho puani. Kila kitu tunachokosa katika nchi hii lazima mtoto akitoe mwilini mwake.

Mama mkwe wangu alikuja kila siku. Hilo sitalificha, ingawa ningependa. Mugisho alimwita Koko, kama watoto wote wanavyowaita bibi zao, na mimi nilimwita hivyo pia kwa sababu kumwita Mama kulinikaba. Alikuwa anakaa kwa Nsimire mjini wakati huo, na alipanda kile kilima kwa miguu, kikapo kichwani: bugali iliyofungwa kwa nguo ili isipoe, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, na sambaza, dagaa wa ziwa, waliokaangwa hadi wanapasuka mdomoni. Mume wangu alikuwa Kamituga, kwetu nilikozaliwa, kwenye machimbo ya dhahabu na alituma salamu. Bila kikapo kile tungelala njaa. Nilikula chakula chake na nilimchukia, nikiwa na mafuta yake kwenye vidole. Kwa sababu hakuweka kikapo chini bila kusema. "Hii sombe weye hujuwi kuipika, ndiyo maana mutoto hana nguvu." Au, akimaanisha mimi, mke wa mwanawe: "Bibi wa mutoto wangu aliona matope, akapanda pikipiki. Watu wa Kamituga hawaogopi matope, walizaliwa mu matope." Na aliposikia ya simenti kutoka kwa wale wa mbabula, alisimama katikati ya salle, kikapo bado kichwani, akaniuliza mbele ya wote: "Mama Mugisho, weye ulikubali wajenge mu mutoto wetu?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa maneno ya Dokta, nikamchorea utando kwa kidole juu ya shuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na aliponisikiliza nilidhani nimeshinda. Kisha akasema, "Mguu yenye haikandwi inasahau." Kwao ni hivyo. Mwanamke akizaa anakandwa, mtoto akianguka anakandwa, mzee akikaza mgongo anakandwa, kwa maji ya moto na nguo na siagi ya ng'ombe, na mwenye kukanda ni mama wa baba, kwa sababu mwili wa mtoto ni wa kwao. Mama aliyemzaa ni wa kufua na kubeba. Nikamwambia Dokta amekataza. Akasema, "Ule Dokta, nani alimukanda akiwa mutoto? Ni mama yake. Amuulize."

Siku hiyo nilishuka kufua kwenye bomba la chini. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wawili waligombania ndoo, nikachelewa. Niliporudi, pazia la kitanda lilikuwa limefungwa kwa kanga, na mvuke ulikuwa unatoka juu yake. Nikafungua. Koko alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, mikono yake imepita katikati ya vyuma, bendeji imefunguliwa na kukunjwa vizuri kando, kama mtu anayeheshimu kitu cha wengine. Alikuwa anabana na kusukuma, kutoka goti kwenda chini, akitoa kwa meno ule mlio wake, ss, ss, ss, kama anayetuliza ng'ombe. Siagi ilikuwa inang'aa kwenye matundu ya vyuma. Kinachoniua hadi leo ni kwamba Mugisho hakuwa analia. Alikuwa ametulia, macho yamelegea, mwili wote umelainika, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu matope ya Mudaka. Koko akanitazama akitabasamu. "Unaona? Anasinzia."

Nilimvuta. Nilimvuta mama mkwe wangu kwa nguo mbele ya salle nzima, akashukia sakafuni kwa goti, na wale wanawake wa mbabula wakasogea waone vizuri. Hakunitukana. Alichukua bakuli lake la siagi, akaifuta mikono, akasema, "Siku moja utakuwa na bibi wa mutoto wako. Atakuvuta." Akaondoka. Kesho yake alirudi na kikapo, sombe na sambaza, hakusema neno, na mimi nikala.

Homa ilikuja ndani ya wiki ileile. Dokta alifungua mguu, na alipotoka kwenye chumba cha upasuaji hakuongea Kifaransa. "Simenti ilisogea," alisema. "Utando umechanika, usaha umerudi. Nani aligusa?" Koko alikuwa amesimama pale, mgongo ukutani. Nilingoja aseme. Nilimpa nafasi ambayo yeye hakuwahi kunipa mimi. Akatazama kikapo chake. Basi nikasema mimi: "Ni huyu." Dokta akamgeukia, akasema kwa upole, upole ambao mimi sikuwahi kuupata kwake, "Maman, ikitokea tena, mi nitakata. Sitakuwa na kingine." Wakasafisha, wakaweka simenti mpya yenye dawa mpya, tukaanza kuhesabu wiki upya kutoka mwanzo. Mtoto alikuwa amekonda hadi vyuma vilionekana vizito kuliko yeye. Tangu siku hiyo sikushuka kufua. Nilivaa nguo chafu. Wanawake wa mbabula walinipa chumvi.

Utando ulipokuwa tayari tena, Dokta akatuita. Uboho wenye seli hai angeuvuta kwa sindano kutoka kwenye nyonga ya Mugisho mwenyewe, lakini nyonga ya mtoto mkondefu vile haikuwa na mfupa wa kutosha kujaza pengo. Alihitaji vipande vya mfupa wa mtu mzima wa damu yake, viwe kama kiunzi ambacho seli za mtoto zitapanda na kujenga. Baadaye seli zingekila kiunzi chenyewe na kuweka mfupa wa Mugisho mahali pake. Koko akasema papo hapo, "Mutoe kwangu." Akajishika nyonga, akaipiga kofi, kama anayeuza mbuzi. Dokta akakataa: umri, na presha yake ya damu. "Mifupa ya uzee imekuwa nyepesi, maman." Akaumia. Niliona ameumia, na nilifurahi. "Basi kwa baba yake," akasema. Tukampigia mume wangu. Akasema anakuja, akasema barabara ya Mwenga imeharibika, akasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema vilevile. Nikamwambia Dokta, "Pima damu yangu." Akapima, akasema inafaa. Kilichobaki ni neno la baba, kwa sababu mtoto, kwa hospitali na kwa Nyangezi, ni wa baba.

"Mufupa ya watu wa Kamituga haiingie mu mutoto wetu," alisema Koko. Nsimire alikuwa amekuja siku hiyo, kwa viatu vya kisigino, akawa anatikisa kichwa kwa kila neno la mama yake. Koko akaendelea: "Mugisho atatembea na mguu ya bokilo, mukwe tu? Atazikwa na mguu ya nani?" Nilikuwa na simu mkononi, mume wangu yuko upande wa pili, nimeiweka wote wasikie. Akasema, "Sheri, ngoja kwanza. Maman asipokubali, mi nitasema nini ku familia?"

Nikamwambia mama mkwe wangu hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema. "Kataa. Lakini ukikataa, watakata mguu, na weye hautaenda nyumbani. Siku wanakata, utaingia naye. Utaushika weye, na mikono yako ileile, wakati wanaukata. Kisha utaubeba mu kikapo chako mpaka Nyangezi, uuzike kwenu, kwa sababu ni wenu."

Kwenye simu kulikuwa na kelele za mashine za kusaga mawe. Koko alivua kitambaa chake, akakifunga tena kichwani, polepole, kama mtu anayetoka nyumbani. Kisha akainama kwenye simu na kumwambia mwanawe, "Mwachie." Na kwangu akasema, "Mufupa yako ikioza, ni jina yako itasemwa." Nikasema ndiyo. Sikumwuliza: na ikipona, litasemwa jina la nani? Jibu nimelipata mbele ya sanduku lake.

Walitupasua kwa siku moja, mimi na Mugisho. Nilipoamka nilidhani wamenikanyaga nyonga kwa buti, na kwa wiki nyingi nilitembea nikishika kuta. Mugisho alilala kitandani, mimi mkekani, na Koko alituuguza wote wawili. Alinigeuza. Aliniosha. Aliniosha kwa nguvu, kama anavyosugua sufuria, na hakunikanda, si mimi wala mtoto, hata alipoombwa. Mugisho alimwomba, "Koko, nikande," naye akasema, "Munganga amekataza," kwa sauti kavu, macho dirishani. Miezi ikapita. Kwenye picha za mfupa, pengo lilikuwa kama ukungu, kisha kama maziwa yaliyoganda, kisha mfupa. Dokta alizishika picha kwenye mwanga na kwa mara ya kwanza aliniita niangalie kabla ya wanafunzi wake. Sikumshukuru. Nilimwambia tu, "Kwa hiyo ziliambiwa vizuri." Akacheka.

Mwishoni mwa mwaka vyuma vilitoka. Dokta alisema mguu uko tayari, mtoto ndiye bado anaogopa, tumpe muda. Tukampeleka Nyangezi kwa sikukuu. Koko akamkalisha uani, akampaka siagi yake mbele ya majirani, na siku chache baadaye Mugisho akamfuata kuku, hatua ya kwanza, ya pili, hadi kwenye ua wa migomba. Wanawake wakapiga vigelegele. Wote waliona siagi. Hakuna aliyekuwa ameona utando, wala simenti inayovuja dawa, wala uboho, wala nyonga yangu. Nilimtazama Koko nikitegemea aseme kitu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Aliacha wamsifu. Tangu siku hiyo wamemsifu, hadi juu ya sanduku.

Basi pale kwenye kilio Nsimire akamwita Mugisho mbele. Sasa ana miaka kumi, ana aibu. Akamwambia akunje suruali. Akakunja. Wazee wakainama, wakagusa muundi wake kwa vidole kama wanagusa sanamu kanisani, na mmoja akasema, "Mikono ya mama huyu." Nikaweka sufuria chini. "Mufupa huo ni wangu," nikasema. "Walinitoa nyonga. Mikono ya mama huyu iliuharibu mguu mara ya kwanza, na Dokta anajua, na mimi najua." Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Nsimire akanisogelea, machozi bado shavuni, akaniuliza chini chini, "Hata leo, Mama Mugisho?"

"Hata leo."

Akaokota sufuria yangu, akaanza kugawa bugali mwenyewe. Mume wangu hakuniongelesha njia nzima ya kurudi Bukavu.

Asubuhi yake sikuweza kuinuka. Mvua ilikuwa imekaa ndani ya nyonga. Mugisho hakwenda shule, kwa ajili ya kilio. Nilimsikia uani akiwasha mbabula, nikadhani anajipikia chai. Akaingia na beseni la maji ya moto na taulo, akapiga magoti kando ya kitanda, akaniambia nigeuke. Nilitaka kukataa. Akakamua taulo, akaliweka, akaanza kubana na kusukuma, na kwa meno yake akatoa ule mlio: ss, ss, ss. Mwili wangu ulilegea kabla sijaupa ruhusa.

"Nani alikufundisha?"

"Koko. Kila likizo." Aliendelea. "Alisema usikande pa mufupa. Kanda kando ya mufupa. Alisema siku moja alikanda pa mufupa, akaharibu, akaona mama yangu analala chini miezi mingi kwa sababu yake."

Nikageuza kichwa. "Alikuambia hivyo? Weye?"

"Kila mara. Alisema nikikua nikukande, kwa sababu weye hautakubali akukande yeye."

Miaka sita. Miaka sita alikaa kwenye sifa zake, akanila kwa macho kila sikukuu, na alichokuwa anadaiwa nami alimlipa mtoto, mahali ambapo siwezi kukifuata. Sitamsamehe. Hayuko wa kusamehewa, na angekuwepo nisingemsamehe. Taulo lilikuwa linapoa. Nikamwambia Mugisho achovye tena, na abane zaidi, kando ya mfupa, palepale.